Louise Farrenc alidai chake

Mwaka 1842 Conservatoire ya Paris, chuo kikubwa cha muziki Ufaransa, kilimpa Louise Farrenc kazi ya uprofesa wa piano. Cheo kizuri. Ila siku ya mshahara ndipo ungejua yeye ni mwanamke: alilipwa pungufu ya maprofesa wa kiume waliofundisha piano hiyohiyo.

Farrenc alizaliwa 1804 kwenye familia ya akina Dumont, wachonga sanamu wa Paris, na utunzi akausoma kwa Anton Reicha. Mwaka 1821 aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi aliyekuja kuwa mchapishaji wa muziki. Mume huyu tumpe haki yake, maana alimchapishia mkewe kazi zake wakati waume wengi wangemtuma jikoni.

Paris ya wakati ule ilikuwa imelewa opera. Mtunzi aliyetaka jina aliandika opera, basi. Farrenc akang'ang'ania simfonia na muziki wa vikundi vidogo. Mwaka 1849 aliandika noneti, kipande cha ala tisa, na kilipopigwa hadharani mwaka uliofuata, mmoja wa wapigaji alikuwa kijana Joseph Joachim, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapiga fidla wakubwa wa Ulaya. Watu wakakipenda. Farrenc hakuishia kufurahia makofi. Alimwandikia mkurugenzi wa chuo, Auber, akidai alipwe sawa na wenzake wa kiume, na akapewa. Ilishapita miaka minane. Mimi naona alichagua wakati vizuri mno: nani angethubutu kumwambia hawezi kazi, mwaka ule?

Mwaka 1859 binti yake Victorine, mpiga piano hodari, alifariki akiwa na miaka 32. Baada ya hapo mama karibu aache kabisa kutunga. Yeye na Aristide wakaanza kukusanya na kuchapisha muziki wa kale wa kinanda. Mume akafa 1865, kazi ikiwa katikati, na mjane akaiendeleza mwenyewe mpaka ikafika majuzuu 23. Huku anafundisha, miaka 30 jumla. Alifariki 1875.

Simfonia zake tatu hazikuchapishwa akiwa hai, japo mchapishaji alilala naye nyumba moja. Muziki wa piano uliuzika, kila sebule ya wenye nazo ilikuwa na kinanda. Simfonia nani angenunua?