Vilima vya Ardey na Deni la Maji

Mwalimu wa darasa na aitundike ramani ya Ulaya. Tafuteni Ujerumani, upande wa magharibi, kisha mto uitwao Ruhr. Kaskazini ya mto huo, karibu na mji wa Dortmund, pana safu ya vilima viitwavyo Ardey. Si virefu, havifiki mita 300. Vimefunikwa na msitu, na watu wa mjini huenda kutembea humo. Mgeni aweza kudhani kwamba ardhi ile haijaguswa kamwe. Sivyo. Akitazama chini ya miti ataona vishimo vya zamani. Hizo ni alama za wachimbaji wa makaa ya mawe.

Kwa nini walianzia hapo? Lazeni kitabu mezani, mkiinue upande mmoja. Kurasa ni matabaka ya mawe na makaa. Upande ulioinuka ni kusini, penye vilima. Hapo makaa yalitokeza juu ya ardhi. Kila ukienda kaskazini, yanazama chini zaidi. Kwanza watu walichimba vishimo kwa sululu na koleo. Baadaye walitoboa njia ubavuni mwa kilima. Makaa yalitolewa kwa njia hiyo, na maji yakatiririka nje yenyewe.

Lakini katika shimo refu maji hayatoki yenyewe. Ilipopatikana mashine ya mvuke ya kuvuta maji, wachimbaji wa Ruhr waliweza, katika miaka ya 1830, kutoboa mwamba wa chokaa wa kaskazini na kuyafikia makaa ya chini. Kazi ikahamia huko, miji ikakua, na vilima vikaachiwa miti. Mgodi wa mwisho wa Dortmund ulifungwa mwaka 1987. Ule wa mwisho wa Ruhr yote, tarehe 21 Desemba 2018.

Je, kazi imekwisha? Kuchimba kumekwisha, maji hayakwisha. Palipochimbwa, ardhi imedidimia, mahali pengine zaidi ya mita 20. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea. Kwa hiyo pampu huyavuta, na haikuwekwa siku ya kuzizima, maana zikizimwa mitaa ya watu itakuwa ziwa. Huku vilimani, baadhi ya njia za kale zingali zikitoa maji bila gharama.

Zungumzeni darasani: kabla ya kuchimba, yafaa tuulize nini juu ya wale watakaobaki baada yetu?