Kinu cha Zeituni na Jasho la Waingereza

Katika karne ya 1, Columella, Mrumi aliyeandika vitabu vya kilimo, alitaja mitambo ya kukamulia mafuta ya zeituni. Mmojawapo uliitwa tudicula, jina lenye asili moja na neno la Kilatini la nyundo. Kazi yake ilikuwa kuponda. Kutoka katika jina hilo kikachipuka kitenzi cha kuponda na kukoroga, na uzao wake wa mbali ni toil, kitenzi ambacho Waingereza hukitumia kwa kazi ya sulubu.

Mabadiliko ya kwanza yalitokea Ufaransa, ambako kitenzi hicho kilikuja kumaanisha kuvuruga na kuburura huku na huko. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya mahakama. Ndiyo maana, toil ilipoanza kuonekana katika Kiingereza mnamo 1300, haikuhusu jembe wala shamba. Ilikuwa ni kuzozana, kupigana na kushtakiana.

Wakulima walikuwa na neno lao la asili, swink, na Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado alilitumia. Lakini maisha ya wakulima hao yalikuwa yametikisika. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348 na kufyeka theluthi ya watu au zaidi. Vibarua wakaadimika, waliosalia wakadai ujira mkubwa, na sheria ya mwaka 1351 ikawaamuru wapokee viwango vya kabla ya tauni. Mwaka 1381 wakaasi. Tauni haikuligeuza neno, ila ni katika miongo hiyo ambapo toil, neno la ugomvi, lilianza kuandikwa kwa maana ya kufanya kazi kwa taabu. Taratibu swink ikatoweka katika mazungumzo ya kawaida.

Tangu hapo neno limetanuka. Mchimba makaa hutoil mgodini, mwanafunzi juu ya vitabu vyake, na msafiri anayepanda mlima hatua kwa hatua akihema naye hutoil. Aliyezipanga maana hizi ni James Murray, mhariri wa kamusi kuu ya Oxford tangu 1879. Katika banda la bati bustanini kwake alipokea vikaratasi vya mifano vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea. Herufi T ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika 1928.

Tarehe 13 Mei 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, siku tatu baada ya kuwa waziri mkuu, Winston Churchill aliliambia bunge kwamba hana cha kutoa ila vitu vinne: damu, toil, machozi na jasho. Watu wengi huikumbuka hotuba hiyo kwa vitu vitatu tu. Damu ipo, jasho lipo, machozi yapo. Kilichodondoka ni kazi yenyewe.

Ndivyo ilivyowakuta pia watu walioifanya kazi hiyo. Makaa ya mawe yalipopungua mwaka 1943, waziri wa kazi, Ernest Bevin, aliamuru vijana wachaguliwe kwa kura: tarakimu ilitolewa, na kijana ambaye namba yake iliishia na tarakimu hiyo alipelekwa mgodini badala ya jeshini. Mpango huo ulidumu hadi 1948 na kuwachukua vijana wapatao 48,000. Hawakupewa medali, na kwa kuwa hawakuvaa sare, baadhi yao walitukanwa barabarani kuwa ni watoro wa vita. Serikali iliwapa beji ya heshima mwaka 2008, wakati wengi wao wamekwisha kufa. Taifa lililowasha viwanda na treni zake kwa makaa yao lilichukua miaka 60 kusema asante. Heshima ya mvuja jasho haifai kungoja kiasi hicho. Astahili kuipata angali hai.