Kamshafti ya Land Cruiser ya esansi: chagua kufuatana na mlima, si kufuatana na karatasi

Mlima wa Ngomo, ukitoka Kamanyola kwenda Bukavu, hauchelewi kuonyesha gari iko na moteri ya namna gani. Mwenye Land Cruiser moja ya zamani, ya esansi, inayobeba watu na mizigo kutoka Uvira, alituelezea namna alivyolijua kosa lake pale. Kamshafti yake ilikuwa imekwisha. Ndugu yake aliyeko Dubai akamtumia ingine ya "sport", na kwenye karatasi waliandika kwamba inaongeza nguvu. Kwenye uwanda wa Ruzizi gari ilikimbia vizuri sana. Kufika Ngomo, na mzigo juu, ikaanza kukohoa na kuzima. Abiria wakashuka, wakasukuma. Tangu siku ile esansi ilikuwa inaisha mbio, na pesa ya piesi ilikuwa imeshakwenda.

Kumbe ile kamshafti haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa kazi ingine. Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kuchagua, sababu kwa familia nyingi gari moja kama hii ndiyo inalipa masomo ya watoto na chakula cha nyumba.

Kazi ya kamshafti

Kamshafti, ile mafundi wa magaraji yetu wanaita arbre à cames, ni chuma kirefu chenye nundu. Kila nundu ikizunguka inanyanyua pusuari, pusuari inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma kilbiteri, na kilbiteri inafungua supapi. Supapi za kuingiza zinaleta hewa na esansi, zile za kutoa zinaachilia moshi. Shafti kubwa ya chini, vilebrequin, ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja.

Umbo la nundu ndilo linaamua supapi ifunguke wakati gani, ibaki wazi muda gani, na inyanyuke kiasi gani. Kwa hiyo moteri mbili za namna moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa kama kamshafti si sawa.

Moteri tunazozungumzia

Hapa tunazungumzia zile moteri za Toyota za silinda 6 zenye kamshafti ndani ya bloki: 2F ya lita 4,2, iliyoanza mwaka 1975, na 3F ya lita 4,0 iliyofuata katika miaka ya 1980. Moteri ya 1FZ ya lita 4,5, iliyokuja mwaka 1992, iko na kamshafti mbili juu kwenye culasse na hesabu zake ni zingine.

2F na 3F zilitengenezwa kwa kuvuta, si kwa mbio. Zinageuka polepole na nguvu yao iko chini. Kuilazimisha moteri kama hiyo ipende mizunguko mingi ni kumfundisha ng'ombe wa kulima kukimbia mashindano.

Mambo matatu ya kusoma kwenye karatasi

Jambo la kwanza ni muda wa kubaki wazi. Unahesabiwa kwa digri za shafti ya chini. Muda mrefu unasaidia moteri inayogeuka mbio. Lakini moteri ikigeuka polepole, supapi ya kuingiza inachelewa kufunga, pistoni inaanza kupanda, na sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka. Kwa gari ya mlima na mzigo, tafuta kamshafti isiyopita karibu digri 210 kwa kipimo kinachoanza pale pusuari imenyanyuka milimita 1,27. Angalia sana: kuna watengenezaji wanaoandika kipimo kingine kinachoanza mapema, na namba inakuwa kubwa zaidi kwa kamshafti ileile. Usilinganishe namba mbili kabla ya kujua zilipimwa namna gani.

Jambo la pili ni kunyanyuka. Supapi ikinyanyuka zaidi kidogo, moteri inapumua vizuri. Ikizidi, resori za supapi zinaweza kubanana mpaka mwisho, na utalazimika kununua resori zenye nguvu zaidi. Hizo nazo zinazikandamiza nundu na kuzila haraka.

Jambo la tatu ni kupishana, yaani ule muda mfupi supapi ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi pamoja. Kupishana kukiwa kwingi, ralanti inatetemeka na esansi inapotea bure. Kwa kazi yetu, kupishana kuwe kudogo.

Urefu wa mahali nao unahesabiwa

Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri ya esansi isiyo na turbo inapoteza hapo karibu asilimia 15 ya nguvu yake. 2F tena haina kompresiyo kubwa. Ukiongeza kamshafti inayochelewa kufunga supapi, kile kidogo kilichobaki kinapungua tena, hasa kwenye vitesi ya kwanza na ya pili, pale unapokihitaji kwenye matope ya barabara ya Kamituga.

Jibu la swali letu linatoka hapo: kwa gari nyingi za hapa, kamshafti nzuri ni ile yenye umbo la kiwanda, au ile iliyotengenezwa wazi kwa nguvu ya chini. Ya "sport" ifae mwenye barabara ya lami na gari tupu.

Hakikisha kwanza imekwisha

Usinunue kwa kusikia makelele tu. Kelele ya tak-tak inaweza kuwa supapi zisizorekebishwa. Kwenye 2F, moteri ikiwa moto, nafasi ni milimita 0,20 kwa supapi za kuingiza na 0,35 kwa zile za kutoa. Rekebisha kwanza, kisha sikiliza tena.

Kama kelele inabaki, fundi atoe kifuniko cha juu, ageuze moteri polepole kwa mkono, na apime kila kijiti kinapanda kiasi gani. Vya kuingiza vyote vinapashwa kulingana, na vya kutoa vilevile. Kimoja kikipanda kidogo kuliko wenzake, nundu yake imelika. Alama ingine: nundu ya supapi ya kutoa ikilika, moshi unakosa njia na moteri inapiga risasi kupitia karbirateri.

Wakati wa kununua

Nenda na kamshafti ya zamani mkononi. Linganisha urefu, unene wa sehemu zinazokaa kwenye kusineti, meno yanayozungusha distributeri, na nundu inayosukuma pompi ya esansi. Neno "hii inaingia" la muuzaji halitoshi.

Nunua pusuari mpya zote 12 pamoja nayo. Hapo ndipo wengi wanajaribu kupunguza gharama, na hapo ndipo wanapoteza yote. Pusuari ya zamani imeshazoea nundu yake. Ukiiweka juu ya nundu mpya, itaila kwa muda mfupi. Ukirudisha kamshafti ya zamani, kila pusuari irudi kwenye tundu lake lilelile.

Kamshafti iliyosagwa upya inaweza kufaa kama kazi imefanywa na mtu mwenye mashini ya kweli. Lakini gamba gumu la juu si nene. Likisagwa lote, chuma laini kinabaki, na hakikai.

Dakika 30 za kwanza

Fundi alinganishe alama za meno ya mbele kabla ya kufunga. Nundu na chini ya pusuari zipakwe grisi ya kufungia moteri. Ajaze radiateri, arekebishe karbirateri na moto, ili moteri iwake mara moja bila kusumbua demareri.

Ikishawaka, usiiache kwenye ralanti. Ishike kati ya mizunguko 2.000 na 2.500 kwa dakika 20 hadi 30. Kwenye ralanti, mafuta yanayorushwa na shafti ya chini hayafiki vizuri kwenye nundu. Baada ya hapo fanya vidanji, badilisha na filtri, kisha pima supapi tena.

Tumia mafuta yenye zinki ya kutosha. Mafuta mengi ya kisasa ya gari za esansi yamepunguzwa zinki ili kulinda katalizeri, kitu ambacho gari hizi za zamani nyingi hazina. 15W-40 za moteri kubwa za mazutu mara nyingi ziko nayo zaidi.

Yule mwenye gari ya Uvira alirudisha umbo la kiwanda, na pusuari mpya. Anasema kwenye uwanda gari haikimbii kama ile siku. Lakini Ngomo inapanda, na abiria wanabaki wamekaa.