Kipimo cha Kompyuta za Nyumbani

Mwezi Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home: watu wa kujitolea waliruhusu kompyuta zao za nyumbani zichambue mawimbi ya redio, kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Hapo kwanza yalihesabiwa mafungu ya kazi yaliyomalizwa, ingawa hayakulingana uzito. Ni kama kuhesabu vikapu bila kupima kwa pishi. Mradi ulipohamia mfumo wa BOINC, ulifuata kipimo cha cobblestone, kilichopewa jina la Jeff Cobb: kompyuta ifanyayo hesabu bilioni moja kwa sekunde hustahili 200 kwa siku. Basi kipimo hakikuonyesha kasi tu. Kilimpa mwenye mashine dhaifu haki ya jasho lake.