Anakonda

anakonda nm (wingi: anakonda) [a-/wa-] Nyoka mkubwa asiye na sumu, aishiye katika mito, mabwawa na ardhioevu za Amerika ya Kusini, jenasi *Eunectes*.

Jina la jenasi lina asili ya Kigiriki, kwa maana ya "mwogeleaji hodari", nalo linamstahiki. Macho na matundu ya pua yako juu ya kichwa, hivyo huuzamisha mwili wote akavizia windo huku akiona na kupumua. Anakonda wa kijani (*E. murinus*), aliyeainishwa na Linnaeus mwaka 1758, huishi katika mabonde ya Amazon na Orinoco, anakonda wa manjano (*E. notaeus*), aliye mdogo zaidi, hupatikana Pantanal na kusini yake. Yule wa kijani ndiye nyoka mzito kuliko wote duniani, ila kwa urefu hushindwa na chatu mmoja wa Asia ya Kusini-Mashariki. Habari za wasafiri kuhusu anakonda wa mita 12 hazijathibitishwa.

Hula samaki, ndege, kaimani na kapibara. Humkaba windo hadi damu ikome kuzunguka, kisha hummeza mzima. Havunji mifupa, kama wengi wadhanivyo.

Jike humzidi dume mno kwa ukubwa. Madume kadhaa humzonga jike mmoja, wakaviringana naye kwa siku nyingi majini. Baada ya mimba ya miezi ipatayo saba, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40, wanaojitegemea tangu kuzaliwa.

Matumizi. Hapo ndipo mfasiri aandikaye *chatu* anapopotoka. Chatu hutaga mayai, na jike huyazungushia mwili kuyalinda. Sentensi "Chatu wa Amazon alizaa watoto thelathini" humpotosha mwanafunzi kwa neno moja tu. *Chatu wa majini* nalo halisaidii, maana chatu wa Afrika pia hupenda maji. *Joka* laweza kufaa katika hadithi, lakini hutaja ukubwa na hofu, si spishi. Basi andika *anakonda*, hata kama neno ni geni. Wala huko Amerika si la wenyeji, kwani wengi hulihusisha na Sri Lanka, lilikotumika kwa nyoka mwingine.

Wingi wake hauchukui *ma-*: *anakonda wawili wamejificha matopeni*, si *maanakonda mawili yamejificha*.