Kabla ya apareyi ilikuwa bunduki: historia fupi ya foto ya tai

Mwaka 1833 Mmarekani John James Audubon alinunua tai mzima kule Boston. Alitaka kumchora vizuri, kila nyoya mahali pake, lakini tai hakai kimya kama mteja wa studio. Akaamua kumuua bila kuharibu manyoya: akamfungia ndani ya chumba kidogo pamoja na makala yenye kuwaka, moshi ufanye kazi. Sisi wa Lubumbashi tunajua makala ndani ya nyumba iliyofungwa inafanya nini. Masaa yakapita, tai angali anamwangalia tu. Mwisho akamchoma moyoni kwa chuma kirefu, akamsimamisha na kumchora kwa siku nyingi. Hayo aliyaandika yeye mwenyewe, hakuna mtu aliyemsingizia.

Ninaanza na huyu juu ya sababu moja: kwa muda mrefu, ili upate picha safi ya ndege mwenye kuwinda, ilibidi kwanza afe. Apareyi ilipofika haikubadilisha jambo hilo mara moja. Chukua misheni ya Charles Lemaire iliyopita huku Katanga kati ya 1898 na 1900. Ilikuwa na mpiga foto, François Michel, na tena mchoraji, Léon Dardenne. Kwa nini wawili? Foto ya wakati ule haikuwa na rangi, na ilipenda kitu kilichotulia. Mlima unatulia. Mtu unamwambia asimame, na wakati ule hawakumwuliza kama anapenda. Mwewe humwambii kitu. Ni kazi hizo za Michel na Dardenne ambazo Sammy Baloji, mtoto wa hapa Lubumbashi, alizichukua tena kwa ajili ya Congo Far West, mwaka 2011.

Kaskazini-mashariki mwa inchi yetu, Herbert Lang na James Chapin walizunguka tangu 1909 mpaka 1915 kwa ajili ya museo ya New York. Lang alirudi na karibu mafoto 10,000, hesabu ya kushangaza kwa mtu anayebeba vioo porini. Lakini ndege wenyewe walienda New York wakiwa ngozi, kwa maelfu. Chapin aliwaeleza katika vitabu vinne vilivyotoka kati ya 1932 na 1954, na mpaka leo anayesoma ndege wa Kongo anaanzia pale. Ninaheshimu kazi ile. Tena ninaona wazi kwamba chombo kikubwa cha elimu ya ndege kilikuwa bunduki.

Waliotafuta njia nyingine walikuwa watu wa ajabu kidogo. Uingereza, ndugu wawili Richard na Cherry Kearton walitengeneza ng'ombe wa uongo mwaka 1900, ngozi juu na tumbo tupu, mpiga foto anajificha ndani. Mtu unacheka, lakini wazo lilikuwa sawasawa: usimfukuze ndege, ukae yeye akuzoee. Eric Hosking alifuata njia hiyo ya kujificha karibu na kiota, na 1937 bundi alimpiga kucha usoni, jicho moja likapotea. Aliendelea kupiga foto za ndege maisha yake yote. (Kwetu mtu anayefuata bundi usiku na apareyi, jirani wangeuliza kwanza habari ya bulozi.)

Kwa nini ilikuwa lazima kukaa karibu na kiota? Hapa hesabu inasaidia. Kodachrome, filimu ya rangi iliyotoka mwaka 1935, nguvu yake ilikuwa karibu ISO 10. Jua kali, lenzi imefunguliwa kwa f/5.6, unapata kama sehemu 1 ya 80 ya sekunde. Tai anayepiga mabawa anataka sehemu 1 ya 2000. Yaani mwanga unaingia muda mrefu mara 25 kuliko inavyofaa, na bawa linakuwa ukungu. Kwa hiyo walimpiga akiwa ametua, na mahali unapojua hakika atatua ni kwa watoto wake. Leo weka ISO 800 kwa jua lile lile na lenzi ile ile: sehemu 1 ya 6400. Kiota hakina sababu tena. Na afazali, kwa sababu ndege aliyeogopa anaacha mayai yapoe.

Upande wa Kenya, Leslie Brown, mutumishi wa kilimo kule Embu, ndiye aliyenifundisha zaidi kwa vitabu vyake. Mlima mmoja wenye aina nyingi za tai aliurudilia mwaka kwa mwaka. Kitabu chake Eagles kilitoka 1955. Kwake foto ilikuja nyuma ya kuangalia. Alijua tai atatokea upande gani kabla hajatokea, na ujuzi huo hauuzwi dukani. Ni kweli, mashine zimesonga: Minolta 7000 ya 1985 ilianza kutafuta ukali yenyewe, na tangu 2020 kuna apareyi zinazotambua jicho la ndege. Lakini jicho ni lazima liwe ndani ya foto kwanza.

Sasa kwetu. Mwaka 2024 utafiti mmoja ulionyesha kwamba kati ya aina 42 za ndege wawindaji wa Afrika, asilimia 88 zimepungua. Hesabu zilitoka Afrika Magharibi, Kameruni, Kenya na Botswana. Kongo haimo. Inchi kubwa hivi, na kwa hesabu ile ni kama haina anga. Mimi sioni ni nani atajaza nafasi ile kama si banafunzi wa huku, na foto yenye tarehe na mahali ni ushahidi, mradi mkia na mdomo vionekane.

Basi anza na mwewe wa juu ya soko, ni mwalimu mzuri. Anga ni nyeupe, apareyi inadanganyika, mwewe anatoka mweusi kama makala. Ongeza mwanga hatua moja au zaidi kidogo. Kwa tai mla samaki, yule wa bendera ya Zambia, fanya kinyume: kichwa chake cheupe kinaungua haraka, punguza mpaka manyoya ya shingo yahesabike. Kipwa kikifika mwisho, moshi wa majani na joto la chini vinakula ukali wote, hata lenzi ya bei kali haitasaidia. Toka asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, jua liwe mgongoni mwako. Pale ambapo majani yanaungua, simama mbali upande usio na moshi: mwewe watakuja wenyewe kufuata panzi wanaokimbia moto.