Ufunguo Usiobebwa

Magari ya kwanza hayakuwa na kufuli, na mengi hayakuwa hata na milango. Kilichoyalinda ni usumbufu. Ili injini iwake, mtu alisimama mbele ya gari akazungusha hendeli ya chuma kwa nguvu zote, na injini ikipiga kinyume hendeli ilivunja mkono. Mwizi mvivu alipita zake. Mwaka 1912 Cadillac ikatoa magari yenye stata ya umeme ya Charles Kettering, na ulinzi ule wa bure ukaisha. Gari likawa jepesi kuwasha kwa mwenyewe, na kwa mwizi pia.

Viwanda vilijibu kwa ufunguo, ingawa mwanzoni ulikuwa ufunguo wa kujifariji tu. Ford Model T, gari lililouzwa kwa mamilioni, lilikuwa na swichi ya ufunguo, lakini aina za funguo zenyewe zilikuwa chache mno, hivyo ufunguo wa jirani ungeweza kuwasha gari lako. Kufikia 1919 wizi ulikuwa umekithiri hata Bunge la Marekani likatunga Sheria ya Dyer, ya kuwaadhibu waliovusha magari ya wizi kutoka jimbo moja hadi jingine.

Mwaka 1949 Chrysler ikauza magari ambayo ufunguo wenyewe ndio uliowasha injini: unauzungusha, gari linanguruma. Tangu hapo kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole kikashika shughuli zote za dereva, na taabu mpya ikazaliwa, safari hii bila mkono wa mwizi. Ufunguo hupotea. Husahauliwa kwenye swichi, mlango ukabamizwa, na mwenye gari akabaki nje akiuchungulia kupitia kioo. Au husahauliwa humo milango ikiwa wazi, na hapo mwizi hahitaji ufundi wowote. Kanuni ya usalama namba 114 ya serikali ya Marekani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970, iliwalazimisha watengenezaji waweke mlio wa kumshtua dereva anayefungua mlango huku ufunguo ungali kwenye swichi. Usahaulifu wa binadamu ukawa umeandikwa kwenye kanuni.

Dawa yake ilikuwapo kwa karne nyingi, ila si kwenye magari. Kufuli lisilohitaji ufunguo, linalofunguka kwa kupanga alama zake sawasawa, lilijulikana vizuri katika nchi za Kiislamu. Fundi Muhammad ibn Hamid al-Asturlabi wa Isfahan alitengeneza masanduku ya aina hiyo yapata mwaka 1200, na bado yapo makumbusho yanayoyahifadhi. Al-Jazari naye, katika kitabu chake cha mitambo cha 1206, alieleza kufuli la sanduku lenye visahani vinne vya kuzungusha. Huko Marekani, mwaka 1857, James Sargent akaunda kufuli la namba ambalo mwenyewe angeweza kulibadilisha siri yake, na mabenki yakalipenda. Kisha vikaja vitufe. Kampuni ya simu ya Bell ilianza kuuza simu za kubonyeza mwaka 1963, baada ya timu ya John Karlin kuchunguza kwa makini vidole vya watu hupenda namba zipangwe vipi. Mwaka 1966 Mskoti James Goodfellow akaomba hataza ya mashine ya fedha iliyotumia kadi pamoja na namba ya siri. Mmarekani wa mwaka 1980, basi, alikuwa amezoea kugusa tarakimu ili kitu kitii.

Mwaka huo Ford ikahamishia vitufe mlangoni. Thunderbird, Mercury Cougar na Lincoln za kifahari ziliweza kununuliwa zikiwa na safu ya vitufe vitano upande wa dereva. Kila kimoja kilibeba tarakimu mbili: 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, 9 na 0. Ulibonyeza mara tano na mlango wa dereva ukafunguka. Ukigusa haraka kitufe cha 3 na 4, milango mingine ilifuata. Cha 5 na 6 kilifungua buti. Kubonyeza viwili vya mwisho kwa pamoja kulifunga milango yote, bila hata kuingiza namba.

Hilo la mwisho huonekana dogo kwa asiyeishi kwenye baridi. Asubuhi ya Januari huko Michigan, mtu huwasha gari mapema lipate joto na barafu iyeyuke kwenye kioo. Ukiwa na ufunguo mmoja wa kawaida, unachagua: ukae ndani ya gari utetemeke, au uliache likinguruma wazi mbele ya nyumba, zawadi kwa mpita njia. Mwenye vitufe aliuacha ufunguo kwenye swichi, akafunga milango kutoka nje, akarudi kunywa kahawa yake. Vivyo hivyo kwa anayekwenda kuogelea na hana mfuko wa kutia ufunguo, kwa mkimbiaji, na kwa mzazi ambaye mtoto wake amesahau daftari kwenye kiti cha nyuma: humtajia namba kwa simu, basi. Ndiyo maana naamini wanaokiita kifaa hiki pambo la Wamarekani hawajawahi kubaki nje ya gari lao mvua ikinyesha.

Hesabu yake ina utamu wake. Tarakimu ni kumi, lakini vitufe ni vitano, na kompyuta ya gari haioni tarakimu, inaona vitufe. Anayejidai mjanja kwa kuchagua 13579 amechagua namba ileile ya jirani aliyechagua 24680. Siri zote zinazowezekana ni 3,125 tu, badala ya laki moja ambazo tarakimu tano zingetoa. Kuna na jambo jingine. Iwapo kompyuta hutazama mibonyezo mitano ya mwisho tu, mtu hana haja ya kuingiza kila siri peke yake, kwani mwisho wa moja unaweza kuwa mwanzo wa nyingine. Mwanahisabati Mholanzi Nicolaas de Bruijn alieleza mifuatano ya namna hii mwaka 1946. Mfuatano mmoja wa mibonyezo 3,129 ungetosha kupitia siri zote, nao ungemalizwa na mtu mwenye subira na vidole visivyochoka. Ford iliziba mwanya huo: katika magari yake ya baadaye, mibonyezo 35 ya makosa mfululizo huvilemaza vitufe kwa dakika moja. Mwenye kutumia mfuatano wote angelazimika kungoja kwa karibu saa moja na nusu, amesimama kando ya gari lisilo lake. Wezi walio wengi huona jiwe ni rahisi zaidi.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Renault Fuego ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja na rimoti ya mwanga usioonekana, iliyobuniwa na Paul Lipschutz, na Wafaransa hadi leo huiita plip. Rimoti za redio zilizofuata zilikuwa na udhaifu: mwenye chombo cha kunasa mawimbi angeweza kurekodi ishara na kuirudia baadaye. Jawabu moja lililoenea mno lilitoka Afrika Kusini, ambako kampuni ya Nanoteq ilibuni KeeLoq, ishara inayobadilika kila unapobonyeza. Microchip ya Marekani iliinunua mwaka 1995. Mercedes-Benz nayo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, ikaleta kadi ya kubaki mfukoni: unashika kishikio, mlango unakutambua.

Hapo vitufe vingepaswa kufa. Gari linalomtambua mwenyewe akikaribia, namba za nini? Lakini mwaka 2011 watafiti wa Zurich walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, wakayafungua na kuyawasha kwa kupokezana tu mawimbi kati ya gari na ufunguo uliokuwa mbali. Ufunguo ulilala nyumbani mezani, nalo gari likadhani umesimama mlangoni. Namba iliyo kichwani haitoi wimbi lolote. Ina hatari zake, kweli: jicho la anayepita, vitufe vinavyochujuka pale vinapoguswa sana, mtu kutumia mwaka wake wa kuzaliwa. Ila haiishiwi betri.

Kwetu Afrika Mashariki vitufe hivi ni nadra, kwa kuwa magari mengi ya mitumba hutoka Japani na huja na rimoti. Ford yenyewe haikuviacha. Lincoln MKS ya 2009 ilivificha ndani ya nguzo ya mlango, vikawaka vinapoguswa. Na Lincoln Aviator ya 2020, inayofunguliwa kwa simu, ilivibakiza kwa siku ambayo simu imezimika: unaingia kwa namba ya mlangoni, kisha unaandika nyingine kwenye skrini ili injini iwake.

Anayenunua gari la namna hii likiwa limetumika ana kazi moja zaidi ya kukagua injini. Namba aliyojiwekea mwenye gari wa kwanza hufutika kwa urahisi. Ile ya kiwandani haifutiki. Imo ndani ya kompyuta ya gari, imeandikwa pia kwenye kikadi kilichokuja na vitabu, na kuibadilisha ni kubadilisha kifaa chenyewe. Muuzaji anaweza kukukabidhi kikadi na funguo zote alizonazo, na bado akaondoka na namba hiyo kichwani.